Alama ya lugha (wavuti)

Alama ya lugha ni msimbo mfupi ambao mtengenezaji wa tovuti huuandika mwanzoni mwa ukurasa ili kivinjari kijue lugha yake. Kiswahili ni sw. Kile cha Kongo, kinachosemwa Uvira, kina swc katika orodha ya misimbo ya lugha ya ISO 639-3, na sw-CD pia hutumika. Kifuliiru cha Lemera ni flr, nacho huandikwa hivi: lang="flr". Programu inayowasomea wasioona huchagua matamshi kwa kufuata alama hiyo. Ukurasa wa Kiswahili ulioachiwa en, inayokuja na violezo vingi, huweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, asiyeona asiambulie kitu. Huo ni uzembe usiovumilika, maana kuurekebisha ni kubadili herufi mbili tu.