Fundi wa Bunduki Hujulikanaje?

Zamani za utawala wa Wajerumani katika nchi yetu, uliokwisha katika vita vya 1914 hata 1918, wawindaji wa kwao walikuja na bunduki zao za kuwindia. Mtu aionapo bunduki ya namna hiyo huuliza kwanza: Ni nani aliyeiunda? Wengi hudhani jibu ni jepesi, maana juu ya mtutu limeandikwa jina kwa herufi nzuri, pengine kwa dhahabu. Walakini sivyo.

Makao makuu ya kazi hii yalikuwa mji wa Suhl, katika milima ya Thuringia, pamoja na Zella na Mehlis, miji miwili jirani iliyounganishwa kuwa mmoja mwaka 1919. Huko mwana aliurithi ufundi kwa baba yake. Nyumba ya J. P. Sauer ilianza Suhl mwaka 1751. Bunduki moja iliweza kupita katika mikono ya watu wengi: huyu alitoboa mtutu, huyu aliunda mtambo, huyu alichonga kitako kwa mti wa jozi, na huyu alitia nakshi za wanyama na majani. Mara nyingi iliuzwa katika duka la mji wa mbali, na mwenye duka aliandikisha jina lake juu yake. Kwa hiyo jina lile laweza kuwa la muuzaji, si la fundi. Kadhalika neno Krupp. Krupp wa Essen walifua chuma cha pua. Jina lao juu ya mtutu latuambia chuma kilikotoka, wala si aliyeiunda bunduki.

Basi atakaye kweli na atazame chini. Kwanza ahakikishe kwamba bunduki haina risasi. Kisha fundi ajuaye autenge mtutu na kitako. Hapo, mahali asipopaona mnunuzi, pana alama ndogo ndogo. Sheria ya tarehe 19 Mei 1891, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1893, iliamuru bunduki zijaribiwe kwa baruti nyingi kabla hazijauzwa. Iliyofaulu ilipigwa mihuri ya herufi chini ya taji. B ni kwamba imejaribiwa, U ni kwamba imekaguliwa, na G ni kwamba mtutu una mikato ya kuzunguka ndani, ile inyoshayo mwendo wa risasi. V ni bunduki iliyokuwa tayari ghalani sheria ilipoanza. Ikionekana herufi hiyo, twajua umri wake. Katika bunduki nyingi za Suhl pana pia tarakimu za mwezi na mwaka wa kujaribiwa.

Mihuri hiyo ni ya serikali, nayo haimtaji fundi. Yeye hutafutwa kando yake, katika herufi za kwanza za jina au katika chapa ya nyumba yake, kama yule mtu wa mwituni mwenye rungu, aliye chapa ya Sauer. Ndipo alama zote hulinganishwa pamoja, kama hakimu alinganishavyo maneno ya mashahidi.

Pengine msomaji atauliza, faida yake nini kujisumbua hivi? Na tuiangalie nyumba ya Simson. Löb na Moses Simson, ndugu wawili Wayahudi, waliianzisha Suhl mwaka 1856, nayo ikaunda bunduki, baiskeli, hata motakaa. Hitler alipoishika serikali mwaka 1933, watu wa chama chake hawakuvumilia Wayahudi wamiliki kiwanda kile. Fritz Sauckel, mtawala wa Thuringia, alikazana kuwaondoa; na katika miaka ya 1935 na 1936 jamaa ya Simson walinyang'anywa mali yao, wakaikimbia nchi. Kiwanda kikapewa jina jingine. Sauckel mwenyewe alihukumiwa Nürnberg kwa maovu ya vita, akanyongwa mwaka 1946.

Mwenye nguvu aliweza kulifuta jina la mlangoni kwa siku moja. Lakini hakuweza kuingia katika kila nyumba ya mwindaji ili alifute katika chuma. Bunduki zilizouzwa tangu zamani ziliendelea kushuhudia ni kazi ya nani. Njia ya mwongo ni fupi.

Hata kwetu, nyumba husifiwa kwa jina la aliyeigharimia, na seremala aliyeuchonga mlango wake hatajwi. Kumnyima fundi jina lake ni kumnyima sehemu ya ujira wake. Tuwaulize wazee wetu leo, ni nani waliofyatua matofali ya kanisa letu, na ni nani walioziinua boriti zake. Kisha tuyaandike majina yao katika kitabu cha kanisa, wakiwapo bado wanaoyakumbuka.