Kupeleleza Mto

Mto ukikatika mbele ya macho, yaani maji yakaonekana kuishia kwenye mstari mmoja na ng'ambo yake pakabaki anga na vilele vya miti tu, mwenye kayaki mzoefu haendelei. Huegesha kwenye maji tulivu nyuma ya jiwe, akapanda ukingoni na kwenda kutazama kwa miguu. Wanamichezo wa mito hukiita kitendo hicho skautingi. Kwa Kiswahili napendekeza kupeleleza mto, na nomino yake upelelezi wa mto.

Tungeweza kukopa neno skauti, lakini kwetu skauti ni kijana mwenye skafu shingoni. Ukaguzi haufai, maana mkaguzi huja na kipimo mkononi akitazama kama kitu kimekifikia. Doria nayo ni kurudia njia inayojulikana. Kupeleleza ni kwenda usikokujua, ukaona kwa macho yako, kisha ukarudi na habari ya kuamulia. Ndivyo Biblia ya Kiswahili inavyowasimulia watu kumi na wawili ambao Musa aliwatuma Kanaani. Polisi wanalitumia sana neno hili, lakini maana hiyo ya safari bado iko hai.

Upelelezi una umuhimu wa pekee kwenye vijito vya milimani, ambavyo ni vyembamba na vimejaa kona. Hatari kubwa huko mara nyingi ni gogo. Mti ulioangukia mkondoni huyapitisha maji kati ya matawi yake, lakini mtu hapiti. Hubanwa pale na nguvu ya mto mzima mgongoni. Kuna pia majabali yaliyoliwa kwa chini, na maji yanayojirudi chini ya poromoko yakimzungusha aliyeanguka pasipo kumwachia. Ukiwa umeketi kayakini, macho yako yapo juu kidogo tu ya maji, na hayo yote hujificha. Ndiyo maana wengi hupenda kuanza kutazama kutoka mwisho wa poromoko wakipanda juu: kwanza ujue ukipinduka utapelekwa wapi, ndipo utafute njia ya kupita. Chagua na alama, jiwe au mti, utakazozitambua hata ukiwa chini majini. Kipimo cha kimataifa cha ugumu wa mito, daraja 1 hadi 6, hakiondoi haja ya kupeleleza, kwani mvua ya usiku mmoja hubadili kijito.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa mtu wa Zanzibar. Uledi alikuwa mshika usukani wa Lady Alice, mashua ya mvumbuzi Stanley katika msafara ulioteremka mto Kongo. Tarehe 3 Juni 1877, kwenye maporomoko ya Massassa, alikuwa katika mtumbwi na Frank Pocock, Mwingereza ambaye vidonda vya miguu vilimzuia kutembea. Kwa masimulizi ya Stanley, Uledi alikwenda kuyatazama maporomoko, akarudi na jibu kwamba hayapitiki. Pocock hakulikubali, akamwambia Uledi na wenzake kwamba wanaogopa. Wakaingia. Pocock akafa maji, Uledi akaokoka.

Uledi alifanya kazi yote ya mpelelezi, ila neno lake halikufuatwa. Kwa hiyo fasili ya istilahi hii isiishie kwenye kutazama. Ningeiandika hivi: kupeleleza mto ni kutembea kando ya sehemu usiyoijua kabla ya kuipita kwa chombo, ili kuchagua njia, kupanga mahali pa waokoaji wenye kamba, au kuamua kuubeba mtumbwi nchi kavu. Lengo hilo la mwisho lina uzito sawa na mengine. Kwenye Nile Nyeupe nchini Uganda, waongozaji wa maboti ya mpira huwashusha wateja kwenye maporomoko ya Itanda na kuwapitisha sehemu mbaya zaidi kwa miguu, ingawa mto huo wanaujua vizuri.