Kabla ya kununua kabro, chunguza udongo ulio chini ya gereji

KATIKA mitaa mingi ya Eastlands jijini Nairobi, ikiwemo Buruburu, Umoja, Donholm na Komarock, si ajabu kukuta sakafu ya gereji iliyojaa nyufa, au njia ya gari iliyodidimia pale magurudumu yanapopita. Baadhi ya nyumba hizo zimesimama tangu miaka ya 1970.

Wengi wanapoamua kukarabati, jambo la kwanza huwa ni kuuliza bei ya kabro au vigae. Swali linalofaa kutangulia ni jingine: ni nini kilichoharibu sakafu ya zamani? Asiyelijibu huenda akalipia kazi ile ile mara mbili.

Udongo mweusi

Sehemu kubwa ya mashariki mwa Nairobi ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huu hufura unaponyonya maji ya mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, kisha hunywea na kupasuka wakati wa kiangazi. Zege iliyomwagwa juu yake bila msingi thabiti huinuliwa na kushushwa kila msimu hadi ikatike.

Ufa mwembamba usiobadilika hauna hatari kubwa na unaweza kuzibwa. Lakini ikiwa upande mmoja wa ufa umeinuka kuliko mwingine, au ufa unapanuka na kufumba kwa majira, tatizo liko chini. Gongagonga sakafu kwa nyundo: penye sauti ya uwazi, tabaka la juu limeachana na la chini. Kupima unyevu, bandika kipande cha nailoni sakafuni, uzibe kingo zake na ukiache kwa saa 24. Matone yakionekana chini yake, maji yanapanda kutoka ardhini.

Ndani ya gereji

Humu sakafu hukumbana na uzito wa gari, ncha ya jeki na mafuta yanayovuja. Zege ndiyo inayostahimili haya vizuri zaidi. Vigae vya kawaida hupasuka chini ya jeki, na vilivyong'arishwa huteleza vikilowa mafuta. Terazo hudumu, ila nayo huteleza. Lami haifai kabisa, kwa kuwa petroli na dizeli huilainisha.

Ikiwa zege ya zamani ni imara na imechakaa juu tu, haina haja ya kuvunjwa. Ichokolewe hadi iwe na mikwaruzo, ioshwe mafuta yote, ipakwe uji wa saruji, na kabla uji huo haujakauka iwekwe tabaka jipya la angalau sentimita 4 lenye kokoto ndogo. Upako mwembamba wa saruji na mchanga hubanduka upesi chini ya magurudumu. Rangi ya epoksi huzuia madoa, lakini haishiki penye unyevu.

Ikiwa sakafu inacheza, ivunjwe. Udongo mweusi uchimbwe na kuondolewa, na mahali pake pajazwe mawe na maramu vilivyoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Juu yake itandikwe nailoni nzito, wavu wa chuma wa BRC, kisha zege ya sentimita 10 yenye vipimo vya saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Wavu huo uinuliwe juu ya vijiwe ili ukae ndani ya zege. Imwagiliwe maji kwa siku saba, na gari lisubiri takriban siku 28.

Njia ya gari

Nje, kabro ina faida kubwa. Bomba la maji au la majitaka likipasuka, matofali hung'olewa na kurudishwa bila kuacha kovu. Yenye unene wa milimita 60 yanatosha gari dogo. Penye malori hutumika ya milimita 80. Hata hivyo, maji hupenya kati ya matofali, hivyo kabro iliyotandazwa juu ya udongo mweusi huanza kuyumba misimu michache tu baadaye. Nayo pia yahitaji maramu iliyoshindiliwa, pamoja na ukingo wa zege pembeni ili matofali yasitawanyike.

Changarawe ni nafuu, lakini huzama matopeni ikikosa msingi.

Njia ya maji

Sakafu yoyote ipewe mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na ukuta. Maji yanayotuama kando ya nyumba hufurisha udongo chini ya msingi, na nyufa huhamia ukutani. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalionyesha jinsi mitaro ya jiji inavyozidiwa. Anayefunika ua wote kwa zege huongeza mzigo huo na kumpelekea jirani maji. Ni busara kubakiza sehemu ya udongo au nyasi.

Ukiafikiana na fundi, andikeni kina cha kuchimba, unene wa maramu na unene wa zege, kisha upime mwenyewe kabla havijafunikwa.