Oscar Kambona Alikuwa Mgeni wa Nani?

Oscar Kambona, waziri wa zamani wa Tanzania, aliporudi nchini Septemba 1992, baada ya miaka 25 ya uhamishoni London, serikali haikuanza na upinzani wake kwa Azimio la Arusha wala kesi ya uhaini iliyomtaja. Ilianza na asili yake: kwamba si Mtanzania, ni Mmalawi. Wengine wakasema wazazi wake walitoka Msumbiji. Madai hayo yangali yanarudiwa, na anayeyarudia namwomba kwanza autazame mwambao wa Ziwa Nyasa wa mwaka 1928, Kambona alipozaliwa Kwambe, karibu na Mbamba Bay, katika eneo lililokuwa Wilaya ya Mbinga kabla Wilaya ya Nyasa haijamegwa.

Mengine yanajulikana. Alisoma Liuli katika shule ya Mtakatifu Barnaba, kisha sekondari ya Alliance ya Dodoma, akawa mwalimu, akaiacha chaki na kuwa katibu mwenezi wa TANU, na baadaye akaenda London kusomea sheria. Wakati wa maasi ya askari ya Januari 1964, ndiye aliyekwenda kuzungumza nao huku Nyerere na Kawawa wakiwa mafichoni. Juni 1967 alijiuzulu, akaondoka.

Linalosahaulika ni kanisa. Baba yake, David Kambona, alikuwa padri wa Kianglikana wa misheni ya UMCA, na misheni ile haikuujua mpaka wa Tanganyika. Kiti chake kilikuwa kisiwani Likoma, palipoanza kujengwa kanisa kuu la Mtakatifu Petro mwaka 1903. Likoma ni kisiwa cha Malawi ya leo kilicho jirani kabisa na ufuko wa Msumbiji. Kutoka hapo meli Chauncy Maples ilizunguka ziwa ikipeleka mapadri, walimu na vitabu: Nkhotakota magharibi, Msumba katika ufuko wa Wareno, Liuli upande wetu. Kinyanja kilifundishiwa na kusaliwa pande zote tatu. Liuli ilibaki chini ya askofu wa Nyasaland hata baada ya Waingereza kuchukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, mpaka ilipoundwa Dayosisi ya Kusini-Magharibi mwa Tanganyika mwaka 1952.

Kwa hiyo mtoto wa padri wa mwambao alikuwa na uhusiano wa Malawi na wa Msumbiji bila familia yake kuhamia popote. Wanaodai Umalawi na wanaodai Umsumbiji wanaangalia dayosisi moja kwa macho mawili. Kwa Wamatengo wa milimani Mbinga, waliolelewa na Wabenediktini, jambo hili halikuwepo. Ukatoliki wao ulitazama Peramiho. Wanyasa wa ufukoni walitazama majini.

Kisheria hoja ina uzito wake, na siidharau. Sheria ya uraia ya mwaka 1961 ilimpa uraia mtu aliyezaliwa Tanganyika akiwa chini ya himaya ya Uingereza, ila ilitaka walau mzazi mmoja awe amezaliwa Tanganyika pia. Ndiyo maana mshale ulielekezwa kwa wazazi. Lakini mpaka wenyewe ulitoka katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890, na watu wa ziwani hawakuulizwa. Tena Kambona alikuwa Waziri wa Elimu, wa Mambo ya Ndani, kisha wa Mambo ya Nje na Ulinzi. Aliongoza Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu ilipoundwa mwaka 1963. Nchi iliyompa polisi, majeshi na siri za wapigania uhuru wa Afrika nzima haikuona ugeni wake. Ugeni ulionekana alipogombana na wakubwa. Hoja ya namna hiyo siwezi kuiita uchunguzi wa uraia.

Mfano ulio wazi zaidi uko ng'ambo. Kanyama Chiume alizaliwa Usisya, Nkhata Bay, mkabala na mwambao wetu, akalelewa Tanganyika na mjomba wake, akasomea ualimu Makerere. Huyo kweli alivuka mpaka. Alirudi Nyasaland, akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1956, akawa waziri wa Banda, kiongozi wa nchi hiyo, na baada ya mgogoro wa mawaziri wa 1964 akakimbilia Dar es Salaam. Hapa akawa mwandishi wa habari, akaandika hadithi kwa Kiswahili, ikiwemo Dunia Ngumu, na mwaka 1975 ukatoka wasifu wake, Kwacha. Wanaobishana juu ya Kambona wangefaa wausome, maana unaeleza vizuri jinsi kijana wa ziwani alivyoweza kukulia katika nchi mbili.

Mwaka ule ule wa 1967 Kambona alipoondoka, Nyerere na Banda walianza kuzozana hadharani: je, mpaka unapita ufukoni kwetu au katikati ya maji? Wavuvi wa Mbamba Bay wanavua humo hadi leo, na mzozo haujaisha. Tanzania inashikilia kwamba nusu ya ziwa ni yake. Ikiwa ni hivyo, ni vigumu kuelewa kwa nini watoto wa ufuko huo huo wahesabiwe wageni.