Ajira Dodoma: Babu ana pensheni, mjukuu ana mkataba wa mwaka mmoja

KATIKA ofisi moja ya Serikali mjini Dodoma si ajabu kumkuta mtumishi aliyebakiza miaka miwili kustaafu akigawana meza na kijana wa mkataba wa muda aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kilichoanzishwa mwaka 2007. Kazi ni ile ile, lakini ubora wa ajira zao haulingani.

Tangu mwaka 1999 Shirika la Kazi Duniani (ILO) limekuwa likihimiza kazi zenye staha, yaani ujira wa haki, usalama kazini, sauti ya mfanyakazi na hifadhi ya jamii. Hapa nchini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa umri. Hata hivyo, ni hifadhi ya jamii inayovitenganisha vizazi kwa uwazi zaidi.

Kwa kawaida mtumishi wa umma huweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, huku NSSF ikibaki na sekta binafsi. Ndipo ulipozuka mgogoro wa kikokotoo. Waliokuwa PSPF na LAPF walitarajia mkupuo wa asilimia 50 ya mafao yao. Kanuni mpya zikaushusha hadi 25. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Desemba 2018 Rais John Magufuli alisitisha kanuni hizo. Julai 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33, na mwaka 2024 ukapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Sehemu inayobaki haipotei, bali huingia katika pensheni ya kila mwezi. Lakini kwa aliyepanga kumalizia nyumba kwa mkupuo, maelezo hayo hayaezeki paa. Wazee hao wana haki ya kunung'unika. Angalau wana cha kunung'unikia.

Kijana hayuko hapo. Ili mwanachama apate pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe amechangia kwa miezi 180, sawa na miaka 15. Anayepata mkataba wa mwaka mmoja, akakaa miezi minane bila kazi, kisha akapata mwingine, huenda akafikisha uzeeni akiwa na malipo ya mara moja tu. Mwajiri asiyewasilisha michango humrudisha nyuma zaidi, na mara nyingi kijana hugundua akiwa amekwisha kuondoka.

Kuwaongezea wazee muda kazini nako kuna gharama. Kenya ilipandisha umri wa kustaafu wa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009. Uzoefu ulibaki ofisini, lakini nafasi zilizokuwa zikisubiriwa na vijana zikaahirishwa.

Nje ya mji, mzozo huo wote ni wa watu wengine. Katika mashamba ya zabibu ya Hombolo na Mpunguzi hakuna umri wa kustaafu. Bibi na mjukuu huvuna pamoja, na kibarua hulipwa kwa siku au kwa kazi aliyomaliza, bila mkataba. Mgongo ukikataa, ujira nao hukoma.

Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wenye miaka 70 na zaidi pensheni jamii, kwa kuanzia Sh 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama waliwahi kuajiriwa. Tanzania Bara haina mpango wa namna hiyo. NSSF hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri, lakini fedha ya mkulima wa Dodoma huja wakati wa mavuno, na ada za shule na madeni ya dukani huwa yamekwisha kuitangulia.