Karanga za Nachingwea na Mashine Isomayo Eksirei
Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield uliizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3 ukazaliwa. Nachingwea ikachaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Yakaletwa matrekta, ikajengwa reli ya kwenda pwani, na mwaka 1951 Uingereza ikaachana na mpango huo baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Nguvu ya mashine peke yake haikutosha. Kilichokosekana ni kuijua mvua na udongo wa mahali. Naukumbusha mkasa huo kwa sababu sasa akili mnemba inabisha hodi hospitalini, nayo huja ikiwa imefundishwa kwa wagonjwa wa kwingine.

Wilaya za kusini mwa Tanzania zina mfano mwema pia. Mwaka 2004, utafiti wa afya uliofika kaya zaidi ya 21,000 katika wilaya tano za kusini, Nachingwea na Ruangwa zikiwemo, ulitumia kompyuta ndogo za mkononi badala ya madodoso ya karatasi. Mdadisi aliketi na mama wa kaya, akagusa majibu kwenye kioo, na jibu lisilowezekana likakataliwa papo hapo, mama akiwa bado yupo wa kuulizwa tena. Kazi ya karani wa kunakili ilipungua, lakini ya kuuliza vizuri ilibaki kwa mtu. Hata leo tarakimu za wilaya huanzia kwenye rejista za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, anazojaza muuguzi huku foleni ikimsubiri.

Mtu atasema: pasipo na daktari bingwa wa mionzi, mashine yoyote ya kusoma eksirei ni afadhali. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu zinazosoma eksirei ya kifua kuwachuja watu wa miaka 15 na zaidi kwa ajili ya kifua kikuu. Ila shirika hilohilo linashauri kiwango cha kuamua nani apelekwe maabara kirekebishwe kulingana na mahali. Kikiwekwa juu mno, mgonjwa hurudishwa nyumbani na kikohozi chake. Kikiwekwa chini mno, mtaalamu wa maabara huzidiwa na makohozi ya watu wazima wa afya. Basi viongozi wa afya wa Nachingwea na Ruangwa, kabla ya kusaini kupokea mashine, ijaribuni kwanza kwa picha za watu wenu, na waganga na wauguzi wenu wawe mezani matokeo yanaposomwa.