Maji ya Benako

Wenzangu wa zamani, nanyi vijana mlio madarasani, mkiulizwa kazi ya mhandisi wa mazingira, kumbukeni Benako, wilayani Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo. Maji yaliyokuwapo yalikuwa ya bwawa dogo. Nikiwa mkalimani pale, niliwaona wahandisi wakiyavuta kwa pampu hadi matangini, wakiyatia shabu ili tope litulie, kisha klorini. Vyoo walitaka vichimbwe mbali na bwawa. Julai mwaka ule ule, huko Goma, ambako mwamba wa volkano haukuchimbika kwa urahisi, kipindupindu kiliua maelfu. Ndipo nikaelewa: koleo na klorini huokoa watu kabla daktari hajaitwa. Basi vijana, msiikimbie kemia.